Mtungi Usiochunguliwa

Kuna nyumba ambazo roho yake iko jikoni, na nyingine iko barazani kwa wanaume wapiga soga. Roho ya nyumba ya Mbok Tuminem ilikuwa mtungini. Mtungi wenyewe ulikaa pembeni mwa chumba cha kati, pale ambapo jua haliingii hata saa sita mchana, umefukiwa hadi kiunoni katika sakafu ya udongo, mdomo umefunikwa kwa kawa ya mianzi. Humo ndimo ulimokaa mchele wa watu wote wa nyumba. Nani aliufukia pale, hakuna aliyekumbuka. Watu wa kitongoji walisema nyumba ndiyo iliyojengwa kuuzunguka mtungi, na ukiona jinsi ukuta ulivyopinda kuukwepa, unakosa la kubisha.

Mtungi ule ulikuwa na miiko yake, na Kinasih alisomewa miiko hiyo asubuhi ya kwanza baada ya harusi, kabla hata hajanawa uso. Mchele huchotwa na mwanamke mwenye kupika, si mwingine. Mwanamume hata akifa njaa haingizi mkono. Huchotwa alfajiri. Anayechota hasemi, hapimi, hahesabu, na wala hachungulii. Anapenyeza mkono chini ya kawa, anachota kifuu kimoja, kisha kabla hajafunika anarudisha konzi moja ndogo. Hilo ni fungu la Mbok Sri, mama wa mpunga, asije akajiona amefukuzwa.

"Na nikichungulia?" Kinasih aliuliza. Yeye alizaliwa Solo, mjini, ambako mchele hununuliwa kwa mfuko na mfuko huchunguliwa na kila apitaye.

"Ukichungulia utajua kilichobaki," mama mkwe akamjibu.

"Si ndiyo vizuri, Mbok?"

"Nduk, mwanangu, ukishajua kilichobaki unaanza kupika kilichobaki. Hupiki tena chakula."

Kinasih aliinamisha kichwa kwa adabu, kisha akaenda kucheka nyuma ya nyumba hadi akashika mbavu. Siku zile alikuwa na cha kuchekea. Mumewe, Sarjono, alikuwa fundi wa kuchonga samani kwenye karakana ya mjini, na mchele uliingia mtungini kabla ule wa kwanza haujashuka.

Mwiko mmoja ulikuwa wa Mbok peke yake. Kila baada ya mavuno, kabla mchele mpya haujamiminwa, alijifungia chumba cha kati na kuuosha mtungi. Hakutaka msaidizi. Kinasih akipita nje na kutega sikio alisikia mikono ikihangaika, na Mbok akikohoa vumbi, lakini maji hakuyasikia hata tone.

"Mama yako anaosha mtungi kwa nia tu," alimwambia mumewe.

"Mimi niliacha kumuuliza nikiwa na miaka saba," Sarjono akasema.

Kisha ukaja mwaka ule rupia ilipoporomoka. Mvua nayo ikachelewa, kana kwamba ilikuwa inangoja kwanza ione bei za watu. Karakana ikafungwa, Sarjono akarudi nyumbani na mfuko wa patasi begani. Bei ya mchele ikapanda, bei ya mafuta ya taa ikaifuata, na sukari ikawa kitu cha kusimuliwa. Wanaume waliokaa barazani waliiita hali ile uchumi. Wanawake waliiita mafuta ya kupikia.

Kinasih akajifunga kibwebwe. Jiko la mafuta ya taa alilifunga kwenye gunia akaliweka darini, akarudi kwenye mafiga na makumbi ya nazi. Mche wa sabuni aliukata vipande kwa uzi, kila kipande na siku yake, na masufuria akayasugua kwa majivu. Chai ilinywewa chungu, na kila mtu aling'ata kipande cha sukari guru kidogo kama jino la Ratri, binti yao, aliyekuwa anang'oka meno mwaka ule. Majani ya chai yalichemshwa tena jioni, yakatoa maji yenye kumbukumbu ya chai. Maji ya kuoshea mchele yalimwagilia mipilipili. Ukoko ulianikwa juani ukakauka, ukakaangwa siku ya Ijumaa ukaitwa kitoweo. Wali ukaanza kuchanganywa na unga wa makopa, kidogo, halafu zaidi kidogo, hadi ikawa makopa ndiyo yanachanganywa na wali.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyolelewa, lakini mwaka ule kibaba chenyewe kilikuwa kimetoboka. Kinasih alijua. Na aliyekuwa tayari kumsaidia kukiziba alikuwa Bu Warni.

Bu Warni alikaa kitongoji cha pili, ng'ambo ya mfereji, katika nyumba yenye marumaru sakafuni. Kazi yake ilikuwa kuandikisha wanawake wa kwenda Malesia kupika na kulea watoto wa watu. Mkataba ulikuwa miaka mitatu. Wengine walirudi na mikufu, wengine walirudi na ukimya, na wapo ambao watoto wao waliwaamkia kama wageni.

Jioni moja wakiwa wanakula, Kinasih aliweka sahani chini.

"Mas," alimwambia mumewe, "siku kucha zangu zitakapokwaruza kitako cha mtungi, naenda kwa Bu Warni."

Sarjono alitafuna polepole sana, ingawa makopa hayahitaji kutafunwa. "Na Ratri?"

"Ratri ana bibi yake."

"Sikuulizi atakaa na nani. Nakuuliza atakuwaje."

"Atakuwa ameshiba!"

Ratri alimtazama mama yake, kisha akatazama chumba cha kati, mtungini. Mbok Tuminem alikuwa anatafuna tambuu pembeni. Alitema mate mekundu kwenye kopo lake, akafuta mdomo taratibu.

"Neno limeshatoka, na ahadi ni deni," alisema. "Basi usichungulie."

Tangu siku hiyo Kinasih hakucheka tena mwiko ule. Aliushika kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Kila alfajiri alipiga magoti gizani, akapenyeza mkono, na kabla vidole havijagusa mchele moyo wake ulisimama. Vikiugusa, ulitembea tena. Mchele ulikuwa baridi, ukimpitia kati ya vidole kama maji yasiyolowesha. Alichota, akarudisha konzi ya Mbok Sri, akafunika. Hapo tu ndipo alipopata pumzi ya kuwasha moto.

Mchele ulishuka. Ulifika kwenye kiwiko, ukapita kiwiko. Kinasih akaanza kulia mtoni wakati wa kufua, maana mtoni machozi hayaulizwi. Alikuwa anakariri uso wa mwanawe: kovu dogo kwenye kidevu, pengo la meno mawili, namna anavyolala amekunja ngumi. Miaka mitatu. Meno yangekuwa yameota yote.

Halafu alfajiri moja mkono ulikutana na mchele mapema kuliko ulivyotarajia.

Kinasih alisita. Hakusema, maana hapasemwi. Hakuchungulia. Alijiambia kwamba ni usingizi. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa, na mchele ule wa juu haukuwa ule aliouzoea. Punje zake zilikuwa fupi, nene, na zilinukia shamba. Vidole vya mpishi havidanganyiki. Aliondoka pale na kifuu chake, akaenda kuwasha moto.

Mchana wa siku hiyo, wakati jua limewalaza hata mbuzi, Kinasih alipitiwa na usingizi kwenye mkeka. Akaota yuko kwenye shamba lao lililopasuka nyufa. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja juu ya tuta, amejifunga kitambaa cha rangi ya miche michanga, nywele zimemwagika hadi magotini. Hakuwa na haraka. Alikuwa anaingiza mkono kifuani mwake na kutoa punje, akizidondosha ndani ya nyufa, na kila ufa ulipopokea ulijifunga kama mdomo wa mtoto aliyeshiba. Kinasih alitaka kumwita, lakini akakumbuka kwamba hapasemwi. Mwanamke akampita karibu, akanukia wali wa moto. Alikuwa na mikono iliyochubuka.

Alipoamka, Mbok Tuminem alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji yenye maua. "Usishtuke," alisema. "Tuna mgeni."

Nyoka wa mpungani, mwembamba, mwenye shingo ya manjano, alikuwa amejilaza kuuzunguka mtungi, kichwa amekiegemeza kwenye udongo wa baridi. Kwingine angepigwa fimbo. Kwa Mbok Tuminem alinyunyiziwa maji ya maua, akawekewa yai, na akasalimiwa kwa lugha ya heshima ambayo hata mkuu wa wilaya hapewi na kila mtu. Ratri alichuchumaa mbali akamtazama bila kupepesa. Jua lilipoinama, nyoka alijikunjua, akapita mlangoni kama mtu aliyemaliza shughuli, akapotelea shambani.

"Mbok Sri amekuja kuona kama bado tunamkumbuka," Mbok alisema.

Kinasih alitaka kumweleza habari ya mchele unaopanda. Maneno yalifika kwenye ulimi. Akayameza, maana baraka ikitajwa huondoka, na yeye hakuwa na baraka ya kuchezea.

Ikawa hivyo kwa miezi. Mchele ulishuka, halafu alfajiri moja ulikuwa umepanda, halafu ukashuka tena. Mvua ikaja hatimaye, imechelewa na bila aibu, wakapanda. Kinasih aliishi kama mtu aliye ndani ya maji safi, sauti zote zinamfikia kwa mbali. Alipika kidogo, alicheka kidogo, usiku alilala. Mbok Tuminem alikuwa ameanza kufunga Jumatatu na Alhamisi, kisha akafunga na siku nyingine, akisema wazee hufunga kwa ajili ya wajukuu na kwamba tumbo lake limeshazeeka halisomi tena kalenda. Kinasih alimbembeleza ale. Mbok akamwambia kelele zinamfukuza Mbok Sri.

Kitu kimoja tu kilimtoa Kinasih kwenye maji yale, nacho kilikuwa tetere wa mumewe.

Mwanamume wa kwetu asiye na ndege hajakamilika, hata kama hana kitu kingine. Sarjono alikuwa na tetere aitwaye Kiai Tentrem, ndege mdogo wa rangi ya majivu, mwenye sauti ya kukata mara tatu kisha kuuburuta mwisho kama mtu anayevuta uzi wa hariri. Kila asubuhi Sarjono alipandisha tundu lake kwa kamba hadi juu ya mlingoti wa mwanzi, na kitongoji kizima kilisikiliza. Watu wenye pesa walikuwa wamekuja kumwomba. Sarjono alitabasamu tu na kuwapa chai.

Basi siku moja tundu lilikuwa tupu.

"Mlango ulikuwa wazi," Sarjono alisema, akitazama vidole vya miguu yake.

Kinasih alishika kiuno. "Ulikuwa wazi! Ndege wa thamani ile, mchele wa miezi, na wewe unaniambia mlango ulikuwa wazi?"

"Ndiyo."

"Nakata sabuni kwa uzi! Nahesabia mtoto sukari! Halafu bwana mkubwa anasahau kufunga mlango wenye ukubwa wa kiganja!"

"Nduk," Mbok Tuminem aliita kutoka ndani.

"Niache, Mbok, leo niseme. Mwanao amekaa barazani miezi yote anatazama juu, na hata hicho anachokitazama ameshindwa kukitunza. Mzembe!"

Alilisema neno hilo mbele ya Ratri. Sarjono alichukua tundu lile tupu, akalifunga kamba, akalipandisha mlingotini kama kila siku. Na kila asubuhi baada ya hapo akafanya hivyohivyo, jambo lililomtia Kinasih hasira zaidi kuliko kosa lenyewe. Halafu mumewe alikuwa akichukua jembe na karai kwenda kuchota mchanga mtoni kwa ujira wa kuokoteza, na nyumba ikabaki na tundu linaloning'inia angani bila sauti.

Mpunga shambani ulikuwa umeshika mimba, mabua yamevimba lakini masuke hayajachungulia, alfajiri ile Kinasih alipopenyeza mkono na usikutane na kitu.

Alisukuma zaidi. Kiwiko kikazama kabisa ndani ya mtungi. Vidole vikakusanya punje za pembeni, akazikomba, na kucha zikakwaruza. Sauti ilikuwa nyembamba, ndefu, na ilitosha. Ilimwingia kwenye meno.

Hakusema. Alitoa kifuu, kikiwa na kiasi cha kupikia uji wa mtoto mmoja. Alisita, kisha akarudisha konzi ya Mbok Sri, akijiona mwendawazimu, na kufunika. Ratri alikuwa amelala na ngumi zake. Sarjono alikuwa amekwisha kwenda mtoni. Mbok Tuminem alikuwa juu ya mkeka wa kuswalia, amesujudu. Kinasih aliufunika ule mchele jikoni kwa ajili ya uji wa mtoto, akavaa kitambaa chake kizuri, akatoka. Ahadi ni deni, na deni hili alikuwa amelikopa mwenyewe kwa mdomo wake.

Alipovuka mfereji hakutazama nyuma. Aliogopa kwamba akitazama nyuma, miguu itajua.

Bu Warni alimpokea barazani, akamkalisha kwenye kiti cha mto, akaingia ndani kutafuta fomu. Kinasih alibaki anatazama marumaru. Zilikuwa safi hata akajiona humo, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa kizuri. Ndipo juu ya kichwa chake kitu kikalia. Kikakata mara tatu. Halafu kikauburuta mwisho, polepole, kama mtu anayevuta uzi wa hariri.

Kinasih aliinua uso. Tundu lilikuwa jipya, limepakwa rangi ya dhahabu. Ndege alikuwa yuleyule.

"Umemjua?" Bu Warni alikuwa amerudi na kalamu. "Bwana wangu hafungui kinywa asubuhi kabla huyo hajalia. Siku hizi nina mke mwenza mwenye manyoya."

"Mmempata wapi, Bu?"

"Jamani! Mumeo hajakwambia? Ana kichwa kigumu, yule! Nilitaka kumpa pesa taslimu, akakataa. Akataka mchele wa shamba letu, tena tumpe kwa mafungu, gunia nusu leo, nusu mwezi ujao, na ndege akamleta mafungu ya mwanzo yakiwa yameshaliwa. Anakuja kuuchukua adhuhuri, wewe ukiwa mtoni. La mwisho alilichukua mwezi uliopita." Bu Warni aliketi, akashusha sauti. "Na unajua aliniambia nini? Aliniambia, Bu, ukimwandikisha mke wangu utapata kamisheni mara moja tu. Ndege utamsikiliza kila siku. Nikamwambia, Sarjono, wewe ungefanya kazi yangu."

Kinasih hakuweza kucheka. Alimwona mumewe akitazama vidole vya miguu yake. Alilisikia lile neno, mzembe, likitoka kwenye kinywa chake mbele ya mtoto, na alitamani marumaru zile zipasuke zimmeze. Ndege akalia tena juu yake, bila kinyongo.

"Haya, weka jina hapa," Bu Warni alisema. "Basi la mjini linaondoka mwisho wa mwezi."

Kinasih aliishika kalamu. Mtungi ulikuwa mtupu, hilo halikubadilika. Lakini mwanamume alikuwa ameuza sauti yake yote ili asisikie kalamu hii ikikwaruza, na yeye angekuja kuikwaruzisha chini ya ndege yuleyule? Aliirudisha mezani.

"Bu, nipe hadi kesho. Leo nimekuja kumsikiliza ndege."

"Kesho mchele hautakuwa umeota mtungini, Kinasih."

"Najua," alisema, na akaenda zake.

Nyumbani, Mbok Tuminem alikuwa amekaa sakafuni kando ya mtungi, ameondoa kawa kabisa. Mdomo wa mtungi ulikuwa wazi, mweusi. Kinasih hakuwahi kuuona hivyo.

"Umesaini?" Mbok aliuliza.

"Bado."

Bibi kizee alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Nimezisikia kucha zako nikiwa kwenye sijda. Nikaikimbiza ile swala, Mungu anisamehe, sijui hata nilisoma nini. Nilipotoa salamu wewe umeshavuka mfereji. Miguu yangu hii ingekufikia wapi? Ingiza mkono."

"Hamna kitu, Mbok." Hapo alikuwa amesema mbele ya mtungi kwa mara ya kwanza, na hakuna kilichoanguka.

"Umekwaruza nini?"

"Kitako."

"Kitako cha mtungi huu ni udongo mzito, hakilii. Ulichokikwaruza kimelia kama kijiko kwenye kikombe. Ingiza mkono, tafuta ukingoni. Kuna matundu mawili. Vuta."

Kinasih alipiga magoti. Mkono ukashuka, ukazikuta zile punje za konzi ya asubuhi, ukapapasa, ukapata ukingo, ukapata tundu la kupitisha kidole, na jingine. Akavuta. Kitu kikabanduka kwa sauti ya kubusu. Akakitoa kwenye mwanga: sahani ya udongo, nene, nyeusi kwa uzee, imelainishwa na vidole vya wanawake wasiohesabika. Aliingiza mkono tena. Uliingia hadi kwapani, shavu lake likalala kwenye mdomo wa mtungi, na chini kabisa, ndani ya ardhi iliyo chini ya nyumba, vidole vyake vikazama katika mchele.

Ulikuwa mwingi. Ulikuwa wa kufika mavuno.

Alilia palepale, shavu juu ya udongo, mkono ndani. Kisha akainuka na hasira.

"Ulikuwa unajua! Miezi yote hii nakonda, nalia mtoni, na wewe umekalia mchele!"

"Nilikusikia ukilia."

"Na hukusema!"

"Ningesema, ungepika ukiutegemea. Akiba ikishajulikana si akiba tena, Nduk. Inakuwa chakula cha kesho." Mbok aliichukua sahani, akaifuta kwa pindo. "Hata mimi sikuambiwa. Wakati Wajapani walipotutawala nilikuwa na mtoto mgongoni, nimeshafunga kitambaa niende nikaombe barabarani. Kucha zikalia. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa hapohapo ulipo. Nilimtukana, wewe umenisema kwa adabu." Akacheka bila sauti. "Huambiwi mpaka uukwaruze. Na huukwaruzi mpaka umalize kila njia nyingine. Mume wako alimaliza ya kwake. Mchele wake alikuwa ananiletea mimi, namimina, yeye anasimama mlangoni ametazama pembeni kama bwana harusi."

Kinasih alifuta pua kwa mkono. "Mimi nilidhani ni Mbok Sri. Nilimwota. Alikuwa na mikono imechubuka."

"Ulidhani anatumia mikono ya nani?"

Jioni Sarjono alirudi, mchanga hadi kwenye nyusi. Alikuta maji ya kuoga yamepashwa moto, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu makumbi yaanze kuhesabiwa. Alikuta wali, wali wenyewe, bila makopa. Akasimama.

"Kuna mgeni?"

"Keti, Mas." Kinasih alimpakulia wa kwanza. "Leo nimemsikia Kiai Tentrem. Amenenepa kuliko wewe."

Sarjono aliangalia vidole vya miguu yake.

"Nilikuita jina baya mbele ya mtoto," Kinasih akasema. "Basi mbele ya mtoto huyohuyo nasema: nisamehe. Ratri, sikia. Baba yako hakusahau mlango."

Ratri alimtazama baba yake kwa muda, akafikiri. Kisha akakusanya midomo, akapuliza, akakata mara tatu na kuuburuta mwisho, sawasawa kabisa na tetere. Mwanamume yule, aliyevumilia kuitwa mzembe bila kutikisika, aliweka tonge chini na kufunika uso kwa mikono yenye mchanga.

Kwa Bu Warni hakuna aliyekwenda kesho yake.

Mavuno yalipoingia, uwanja wote ulikuwa wa manjano na vumbi lake likawasha shingo za watu. Mbok Tuminem hakuweza tena kuinama. Kufunga kwa ajili ya wajukuu kulikuwa kumechukua sehemu yake, na hakuidai. Aliketi kwenye mkeka nje ya chumba cha kati, akampa Kinasih ile sahani mikononi, akamwonyesha mlango.

Kinasih akaufunga. Alimimina mchele mpya kwanza chini kabisa, kabla hata mtu mmoja hajaonja, polepole usisikike, kwa viganja. Juu ya mlingoti, tundu la Sarjono lilikuwa limefungwa shada la masuke, mlango wazi, na shomoro walikuwa wanaingia na kutoka wakigombana kama abiria.

Nje ya mlango akasikia miguu midogo.

"Mbah, bibi yangu, Mama anafanya nini humo?"

"Anaosha mtungi."

Ratri alibandika sikio mlangoni. "Mbona sisikii maji?"

"Hata mama yako alikuwa hayasikii," Mbok Tuminem akasema, akakohoa.

Ndani, Kinasih alikuwa ameishika sahani kwa matundu yake mawili, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Hakujibu, kwa sababu mbele ya mtungi hapasemwi. Akainama, akaiteremsha gizani, na kuilaza taratibu mahali pake.